Mvi za wezi, hasara ya masonara

*Pasaka ya mwaka 2015, wanaume ambao wengi wao walikuwa na umri wa kuitwa babu walitoboa ukuta wa zege jijini London na kuondoka na vito vya mamilioni ya pauni. Dunia ilicheka. Nani alilipia kicheko hicho?*

Ilikuwa saa 6:21 usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu, Aprili 3, 2015, pale mitambo ya tahadhari katika jengo namba 88-90 mtaa wa Hatton Garden, London, ilipotuma ishara kwamba kuna jambo ndani.

Ishara hiyo ilipokewa na kampuni inayofuatilia kengele za majengo. Kampuni ikawaarifu polisi. Polisi wakaiweka taarifa kwenye daraja la zile zisizohitaji askari kufika eneo la tukio, na hakuna aliyetumwa.

Mlinzi wa jengo alipigiwa simu, akaja. Ilikuwa yapata saa saba na robo. Akautazama mlango wa mbele, akaukuta umefungwa. Akazunguka hadi mlango wa dharura, akachungulia kwenye upenyo wa kutumbukizia barua, asione kitu. Akatoa taarifa kwamba hali ni shwari, akaondoka.

Wakati huo, chini ya jengo hilohilo, wanaume waliovaa vizibao vya mafundi walikuwa wakishughulika na ukuta wa zege. Mmoja alikuwa na umri wa miaka 76. Mwingine alikuwa mgonjwa wa kisukari aliyekuja na dawa zake. Wa tatu, mwenye miaka 74, alikuwa amewekwa ng'ambo ya barabara kupiga lindo. Baadaye wenzake walimsema kwamba alisinzia.

Wafanyakazi waliporudi kazini Jumanne, Aprili 7, walikuta lifti haifanyi kazi, vumbi la zege limetapakaa, na kwenye ukuta wa chumba cha hazina kuna tundu ambalo mtu mwembamba angeweza kupenya. Visanduku 73 vya wateja vilikuwa vimevunjwa.

Uingereza ilishtuka kwa wiki chache. Kisha watuhumiwa wakakamatwa, umri wao ukatajwa, na mshtuko ukageuka utani. Magazeti yalishindana kuwapachika majina ya kuchekesha yanayohusu mvi, vikohozi na pensheni. Waandishi wa filamu wakanoa kalamu.

Walioibiwa hawakuwa na la kuchekea. Miongoni mwao walikuwamo watu waliokuwa wamekwisha kuzeeka katika kazi halali, na walichopoteza kilikuwa akiba ya siku ambazo mikono isingeweza tena kushika nyundo na koleo.

Mtaa wa masonara

Hatton Garden ni mtaa mfupi katika eneo la Holborn, lakini kwa vito hakuna mtaa mwingine Uingereza unaoufikia. Umepewa jina la Sir Christopher Hatton, mtumishi aliyependwa na Malkia Elizabeth wa Kwanza katika karne ya 16. Tangu karne ya 19 umekuwa makao ya wakata almasi, wafua dhahabu, wachonga vito na madalali wao, wengi wakiwa wa familia za Kiyahudi zilizorithishana kazi hiyo.

Biashara hapo ina desturi yake. Mfanyabiashara mdogo anaweza kubeba mtaji wake wote ndani ya bahasha moja ya karatasi. Mchana huonyesha mawe yake kwa wanunuzi. Jioni huyapeleka chini ya ardhi, kwenye kisanduku alichokodi, na funguo akaenda nazo nyumbani.

Kampuni ya Hatton Garden Safe Deposit, iliyokuwa chini ya jengo lile namba 88-90, ilikuwa na visanduku 999 vya aina hiyo. Milango yake ilikuwa mizito, kuta zake nene, na mvuto wake mkubwa kwa wateja ulikuwa usiri. Mwenye kukodisha kisanduku hahitaji kujua kilichomo. Mteja huingia, hufungua, huweka au huchukua, hufunga.

Usiri huo ndio uliofanya hesabu ya wizi iwe ngumu tangu siku ya kwanza. Mara tu habari zilipotoka, yalisikika makisio ya hadi pauni milioni 200. Mahakama baadaye ilifanya kazi na kiasi cha pauni milioni 14. Mali isiyo na orodha hailipiki kirahisi, na baadhi ya wateja hawakuwa na bima yoyote.

Mwaka ule Pasaka ya Wakristo iliangukia wakati mmoja na sikukuu ya Kiyahudi ya Pasaka. Maduka ya mtaa huo yalifungwa kwa siku nne mfululizo, na masonara wengi waliacha mali yao mahali walipoamini ni salama kuliko dukani.

Kazi ya siku nne

Waendesha mashtaka walieleza kwamba mipango ilichukua karibu miaka mitatu. Wahusika walikutana Ijumaa katika baa ya The Castle, eneo la Islington, wakiketi kama wastaafu wowote wanaomaliza wiki kwa bia.

Jioni ya Alhamisi, Aprili 2, kiongozi wao, Brian Reader, aliondoka nyumbani kwake nje kidogo ya London akapanda basi. Alisafiri kwa kadi inayowaruhusu wazee wa jiji hilo kusafiri bure. Kadi haikuwa na jina lake.

Wenzake walifika kwa gari dogo la mizigo, wamevaa kofia za mafundi na vizibao vya kuakisi mwanga vilivyoandikwa kana kwamba ni watu wa gesi. Mtu waliyemwita Basil, aliyevaa nywele nyekundu za bandia na kubeba begani mfuko mweusi uliomficha uso, aliingia kwa mlango wa mbele, kisha akawafungulia wenzake mlango wa dharura upande wa Greville Street.

Waliipandisha lifti hadi ghorofa ya pili wakaiacha huko. Kupitia uwazi uliobaki wakateremka hadi chini ya ardhi. Basil, mjuzi wa mitambo ya tahadhari, akakata nyaya na kuvunja antena ya kengele. Hakuwahi kabisa: ishara ile ya saa 6:21 ilikuwa imeshatoka.

Kisha wakafunga mashine ya kutoboa zege, aina ya Hilti yenye meno ya almasi. Ukuta ulikuwa na unene wa nusu mita. Walitoboa matundu matatu yanayoingiliana, yakawa uwazi mmoja wa sentimeta 45 kwa 25.

Hapo wakakwama. Nyuma ya zege palikuwa na kabati la chuma lililofungwa kwa bolti sakafuni na darini, na jeki ya haidroliki waliyokuja nayo ili kulisukuma ikaharibika. Asubuhi ya Ijumaa waliondoka mikono mitupu.

Kwa wengi wizi huu ungeishia hapo. Reader mwenyewe aliona yatosha, akarudi nyumbani na hakutokea tena. Daniel Jones na John Collins, anayejulikana zaidi kama Kenny, walikwenda Twickenham, kusini-magharibi ya London, wakanunua pampu nyingine. Kwenye risiti Jones aliandikisha jina la "V. Jones" na mtaa anaoishi yeye mwenyewe.

Jumamosi usiku walirudi. Carl Wood, aliyekuwa nao usiku wa kwanza, alipokuta mlango wa dharura umefungwa aliingiwa na hofu akaenda zake. Basil akaufungua tena. Safari hii kabati lilisalimu amri.

> Reader aliona yatosha, akarudi nyumbani. Wenzake walikwenda dukani kununua pampu nyingine.

Terry Perkins, ambaye Jumamosi hiyo alikuwa ametimiza miaka 67, hakuweza kupita kwenye tundu. Basil na Jones, waliokuwa wembamba, ndio waliojipenyeza na kuanza kuvunja visanduku kimoja kimoja. Kabla ya saa moja asubuhi ya Jumapili ya Pasaka walisukuma mapipa ya taka yenye magurudumu, yaliyojaa dhahabu, almasi na fedha taslimu, wakayapakia garini.

Hawakuwa wageni wa kazi hiyo

Picha ya mababu waliochoshwa na pensheni wakaamua kujaribu bahati ilipendwa na wengi. Kumbukumbu za mahakama zinasema vingine.

Perkins alikuwa mmoja wa waliopatikana na hatia katika uporaji wa kampuni ya Security Express, mashariki ya London, uliofanyika Jumatatu ya Pasaka, Aprili 4, 1983. Pauni milioni 6 zilichukuliwa. Katika tukio hilo mlinzi mmoja alimwagiwa petroli na kutishiwa kuchomwa moto. Mwaka 1985 Perkins alihukumiwa kifungo cha miaka 22. Mwaka 1995 alitoroka gereza la wazi, akaishi uraiani kwa miaka mingi kabla ya kurudishwa.

Anayetaka kusadiki bahati na nyota anaweza kuangalia tarehe hizo: Pasaka mbili, miaka 32 kati yake, na zote zikigusa siku ya kuzaliwa ya mtu huyohuyo.

Reader naye jina lake linafungamana na dhahabu ya Brink's-Mat. Mnamo Novemba 26, 1983, majambazi walivamia ghala karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow na kuondoka na tani tatu za dhahabu yenye thamani ya pauni milioni 26. Reader hakuwa miongoni mwa waliovamia. Alikuwa miongoni mwa waliosaidia kuisambaza dhahabu hiyo, na mwaka 1986 alifungwa miaka tisa.

Kabla ya hukumu hiyo alikuwa amepitia kesi nzito zaidi. Januari 1985, askari kanzu John Fordham alichomwa kisu hadi kufa katika bustani ya Kenneth Noye, mwenzake Reader katika biashara ya dhahabu hiyo. Wote wawili walishtakiwa kwa mauaji. Baraza la mahakama likawaachia huru baada ya Noye kudai alijihami.

Hawa, basi, si watu walioanza wizi uzeeni. Ni wezi waliozeeka kazini. Katika jamii zetu mtu akifika miaka 76 huamkiwa shikamoo na kuachiwa kiti kwenye daladala, kwa kuwa tunaamini miaka imemfunza. Reader na Perkins miaka iliwafunza pia, ila somo lilikuwa jingine.

Arobaini zao

Walichojifunza kilitosha kuvunja zege. Hakikutosha kuikwepa London ya mwaka 2015.

Ndani ya jengo walikuwa waangalifu. Waliwasiliana kwa redio za mkononi badala ya simu, na waliondoka na diski iliyohifadhi picha za kamera za ulinzi za jengo. Nyumbani kwa Jones polisi walikuja kukuta kitabu kinachowafundisha wanaoanza uchunguzi wa kisayansi wa makosa ya jinai.

Lakini Collins alikwenda kuchunguza eneo kwa gari lake mwenyewe, Mercedes nyeupe yenye paa jeusi. Kamera za mitaani zilikuwa hazina haja ya kumjua dereva. Zilisoma namba ya gari. Gari lilionekana Hatton Garden, likaonekana tena Twickenham. Kutoka kwenye namba wapelelezi wakampata mwenye gari, na kutoka kwake wakawapata marafiki.

Kikosi cha Flying Squad, kinachoshughulikia uporaji mkubwa London, hakikukimbilia kukamata. Kilitega vinasa sauti ndani ya Mercedes ya Collins na Citroën ya Perkins, kikasikiliza. Katika baa ya The Castle kikawarekodi kwa kamera ya siri.

Kilichosikika kiliwamaliza. Wazee hao walijisifu kwa ukubwa wa kazi waliyofanya, wakamcheka Reader kwa kukata tamaa mapema, wakambeza Wood kwa woga wake, wakalalamikiana kuhusu mgawo. Uaminifu wa wezi ambao filamu hupenda kuupamba haukusikika popote katika kanda hizo.

Wahenga walisema za mwizi arobaini. Tangu asubuhi ile ya Pasaka hadi Mei 19, 2015, polisi walipovamia nyumba moja huko Enfield wakati mali ikihamishwa, zilipita siku 44.

> Polisi waliwaeleza kama wahalifu wa analojia katika dunia ya dijitali.

Jones alikuwa na akiba nyingine. Akiwa rumande alijitolea kuwaonyesha polisi mahali alipofukia sehemu ya mali katika makaburi ya Edmonton, kaskazini ya London. Aliwapeleka kwenye kaburi moja. Hakujua kwamba walikuwa wameshafukua fungu kubwa zaidi katika makaburi hayohayo, ambalo hakulitaja.

Basil pekee ndiye aliyetoweka. Ilichukua hadi Machi 2018 kumkamata Michael Seed, fundi wa vifaa vya elektroniki aliyeishi Islington, na hadi Machi 2019 kumtia hatiani. Katika nyumba yake kulikutwa vito na dhahabu vya zaidi ya pauni laki moja.

Wanaocheka na wanaodai

Upande wa wanaocheka una hoja zake, na si zote za kipuuzi. Hakuna aliyepigwa wala kutishiwa kwa bunduki. Mali iliyochukuliwa ni ya watu wa vito, ambao wengi hudhani ni matajiri. Na kuna ile raha ya kuona watu ambao jamii imeshawaweka kando wakifanya jambo ambalo kijana mwenye mwili wake lingemtoa jasho.

Raha hiyo iligeuka biashara upesi. Filamu ya The Hatton Garden Job ilitoka 2017. Mwaka 2018 ikafuata King of Thieves, ambamo Michael Caine, mwigizaji mwenye umri mkubwa kuliko wezi wote, alimwigiza Reader. Mwaka 2019 kituo cha ITV kikaonyesha tamthilia ya vipindi kadhaa, na Timothy Spall akiwa Perkins.

Upande wa pili hauna nyota wa filamu. Una mfanyabiashara mdogo ambaye mawe yake hayakuwa na bima kwa sababu bima ya vito ni ghali. Una aliyehifadhi pete na mikufu ya wazazi wake, vitu ambavyo hata akilipwa bei ya soko hawezi kuvinunua tena. Una aliyekusudia kuuza shehena yake ya mwisho, afunge duka na kupumzika. Mahakama ilielezwa juu ya hasara za namna hiyo.

Dhana kwamba sonara ni tajiri inapotosha. Wengi wa Hatton Garden hufanya kazi kwa mali ya kukopeshana. Mtu hupewa jiwe na mwenzake alitafutie mnunuzi, na kinachowaunganisha ni neno na kupeana mkono. Jiwe likiibwa, aliyelishika anabaki na deni na jina lililotiwa doa, hata kama hakuwa na senti yake humo.

> Mwizi mwenye mvi alipata filamu. Sonara mwenye mvi alipata fomu ya madai ya bima, kama alikuwa nayo.

Kampuni ya visanduku yenyewe haikusimama tena. Mwaka huohuo wa 2015 iliingia kwenye ufilisi. Hifadhi ya visanduku huuza kitu kimoja tu, imani ya mteja, na imani hiyo ilikuwa imetoka kupitia tundu la sentimeta 45.

Polisi nao walibaki katikati. Upelelezi wao ulisifiwa kwa haki. Lakini lilibaki swali la usiku wa Ijumaa Kuu, kwamba ishara ilifika mezani na askari hawakwenda. Polisi wa London walikiri hadharani kwamba utaratibu wao wa kushughulikia simu haukufuatwa.

Ukijumlisha, vizuizi vingi vilikuwapo: kengele, kampuni ya kufuatilia, polisi, mlinzi. Kila mmoja alifanya sehemu yake kidogo akadhani mwenzake atakamilisha. Ukuta wa nusu mita ulipambana na wezi kwa muda mrefu kuliko wote hao.

Miaka 22, kisha miaka saba

Machi 9, 2016, Jaji Christopher Kinch wa Mahakama ya Crown ya Woolwich alisema wizi huo uko katika daraja la peke yake miongoni mwa kesi za aina yake. Kisha akawafunga Perkins, Collins na Jones miaka saba kila mmoja. William Lincoln, aliyesaidia kushughulikia mali, naye alipata saba, Wood sita. Hugh Doyle, fundi bomba ambaye uwanja wa kazi yake ulitumika kuhamishia mali, alipata kifungo cha nje. Reader, aliyekuwa amepata kiharusi, alihukumiwa siku chache baadaye miaka sita na miezi mitatu.

Wasomaji wengi walijiuliza: pauni milioni 14, miaka saba?

Jibu limo kwenye sheria. Kuvunja na kuiba katika jengo lisilo makazi ya watu, kwa sheria ya wizi ya Uingereza ya mwaka 1968, adhabu yake ya juu kabisa ni miaka 10, haidhuru kiasi kilichoibwa. Anayekiri kosa hupunguziwa. Unyang'anyi, unaohusisha kutumia au kutishia nguvu dhidi ya mtu, adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha.

Perkins aliyajua yote mawili kwa mwili wake. Mwaka 1985 alipata miaka 22 kwa pauni milioni 6 zilizochukuliwa kwa vitisho. Mwaka 2016 alipata saba kwa zaidi ya maradufu ya kiasi hicho, zilizochukuliwa pasipo mtu.

Kwa hiyo wanaosifu "ustaarabu" wa wazee hawa kwa kutomgusa mtu wafikirie mara mbili. Mwizi mwenye miaka 67 na sindano za kisukari hawezi tena kupambana na walinzi. Jengo tupu wakati wa sikukuu linamfaa kwa mwili wake, na linamfaa kwa hukumu yake. Upole huo una maelezo mengine kuliko wema wa moyo.

Seed, ambaye hakukiri, alipata miaka 10 kamili mwaka 2019. Sheria haikuruhusu zaidi.

Gerezani kwa fimbo na vidonge

Hapo kuna ubishi mwingine, ambao hauhusu Hatton Garden peke yake. Magereza ya Uingereza na Wales yanazidi kuwa na wafungwa wenye miaka 60 na zaidi. Wengine wanahitaji fimbo, wengine kuogeshwa, wengine dawa kila saa chache. Jengo lililojengwa kuzuia vijana wasiruke ukuta linatakiwa sasa kuwa na vitanda vya wagonjwa.

Wapo wanaosema kumfunga mtu wa miaka 77 aliyepooza hakumfunzi yeye wala kumwogopesha mwingine. Mawakili wa wazee hawa waliitumia hoja ya afya mara kwa mara.

Wapo wanaojibu kwamba afya haikuwa kikwazo usiku wa kazi. Mtu anayeweza kuteremka kwenye shimo la lifti ili kuiba hawezi kuomba ahurumiwe magoti mbele ya jaji. Na ukisema umri ni kinga, umewapa wezi wazoefu kibali cha kufanya kazi yao kubwa mwishoni, wakiwa hawana tena miaka mingi ya kupoteza.

Hoja zote mbili zina uzito, lakini zinamtazama mtu mmoja tu, mfungwa. Aliyeibiwa akiwa na miaka 70 hana muda wa kuanza upya. Kijana akiibiwa mtaji anaweza kukopa, kuajiriwa, kuhangaika. Mzee aliyepoteza akiba yake amepoteza na miaka iliyoitafuta. Umri ukiwekwa kwenye mizani ya mshtakiwa, haki inataka uwekwe na kwenye mizani ya mlalamikaji.

Deni linalobaki

Sehemu kubwa ya mali haijapatikana hadi leo. Kilichorudi ni takriban theluthi moja.

Ndiyo maana mwendo wa kesi haukukomea kwenye vifungo. Januari 2018, kwa kutumia sheria ya mwaka 2002 ya kutaifisha mapato ya uhalifu, mahakama iliwaamuru Reader, Perkins, Collins na Jones walipe jumla ya pauni milioni 27.5, la sivyo waongezewe hadi miaka saba. Jumla hiyo inazidi thamani ya mali yenyewe kwa kuwa kila mshiriki anaweza kuhesabiwa kwamba alinufaika na wizi mzima.

Siku chache baada ya amri hiyo Perkins alifia gerezani Belmarsh akiwa na miaka 69. Collins na Jones walishindwa kulipa, kila mmoja akaongezewa zaidi ya miaka sita, muda ambao kwa Jones ulikaribia kulingana na kifungo chake cha awali. Seed naye mwaka 2020 aliamriwa kulipa karibu pauni milioni 6. Reader alitoka gerezani Julai 2018 na kufariki dunia Septemba 2023 akiwa na miaka 84.

Watetezi wao wanaona si haki kumwongezea mtu mzee kifungo kwa fedha ambazo pengine hanazo tena, au ambazo ziliyeyushwa na wengine. Serikali inasema bila amri za aina hiyo mwizi angehesabu miaka yake gerezani kama gharama ya biashara, kisha atoke akachimbue alichofukia. Kwa kundi lililoweka dhahabu makaburini, hofu hiyo si ya kubuni.

Sheria hiyo ina kipengele kimoja zaidi. Mtu akitumikia kifungo cha kushindwa kulipa, deni halifutiki. Linaendelea kudaiwa, na riba juu yake. Mahakama inaweza kuifuata mali yake hata miaka mingi baadaye, ikionekana.

Waliobaki hai kati ya wezi wa Hatton Garden wataendelea kuandikwa kwenye vitabu vya mahakama kama wadaiwa. Kwa masonara waliopoteza visanduku vyao, hilo ndilo lililobaki la kufuatilia.